Mshale Uliosimama Wima

Kuna madereva wa kasi, kuna madereva wa bahati, halafu kulikuwa na Themanini. Hilo silo jina alilopewa na wazazi wake, lakini ungeingia kiwanda cha nguo na kuulizia jina la kwenye kitambulisho chake, hata mlinzi wa getini angekukodolea macho. Ukisema Themanini, angekuonyesha kwa kidole basi la bluu lenye kutu kwenye kingo za milango, na pembeni yake mtu mrefu mwenye kitambaa begani, anafuta kioo cha mbele ambacho ni kisafi tayari.

Kazi yake ilikuwa kuwachukua mafundi cherehani, wafumaji na wapishi wa kantini kutoka mitaa ya mbali, kuwafikisha kiwandani asubuhi, na kuwarudisha makwao jioni. Barabara kuu ilikuwa pana na nyoofu, barabara ya kumshawishi hata mtawa. Wenzake waliikimbia kama waliosikia kuna kinachogawiwa bure mbele. Yeye akishavuka tuta la mwisho la mjini alipandisha mwendo taratibu mpaka themanini, akatulia hapo kama mtu aliyefika kwake. Akipitwa na lori la mchanga, alilinyanyulia mkono wa kuaga.

"Tangulieni," angesema. "Mkifika mochwari mtuwekee nafasi."

Abiria walikuwa wakicheka, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni fundi cherehani mmoja wa kola, mwanamke mnene wa maneno, waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Themanini alimpenda Redio. Aliwapenda wote, kwa namna ya mtu anayebeba roho za watu kila siku na kuzirudisha zikiwa nzima. Hakuwahi kumkwaruza mtu, wala kuku. Bado kidogo astaafu, na kitu kimoja tu alichotaka kuondoka nacho ni hicho: iseme dunia nzima kwamba Themanini akikwambia anakwenda themanini, anakwenda themanini.

Sasa nikueleze kuhusu saa ya mwendo, maana bila saa hiyo hakuna kisa. Basi lile ni la zamani, na saa yake ya mwendo ilikuwa duara la ukubwa wa kisahani, limepachikwa kwenye tundu la dashibodi. Namba zilianza na sifuri chini kushoto, zikapanda, zikazunguka, zikashuka mpaka mia na ishirini upande wa kulia. Juu kabisa, katikati, mtengenezaji aliweka sitini. Namba hizo zilikuwa ndogo, nyeupe juu ya kijivu, unaweza kudhani aliyezichora alikuwa na ugomvi na wazee.

Miaka kadhaa nyuma, namba zilianza kumponyoka Themanini, kama zinavyomponyoka kila mtu umri ukisogea. Hakusema kwamba macho yamechoka. Alisema namba zimefifia, akaenda kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi mwenye gereji ya dashibodi tu: saa za mwendo, saa za mafuta, taa na nyaya. Shemeji hakubishana naye. Alilegeza skrubu mbili, akaizungusha saa nzima ndani ya tundu lake kama kifuniko cha chupa, mpaka themanini ikapanda na kukaa juu kabisa.

"Sasa huna haja ya kusoma, shemeji," alimwambia. "Mshale ukisimama wima, uko kwako. Ukiinamia kushoto, ongeza. Ukiinamia kulia, Mungu anakuona."

Themanini aliipenda sana kauli hiyo, akawa anairudia kama yake. Na kusema kweli ujanja ule si mbaya. Jicho hushika mkao wa mshale upesi kuliko linavyosoma namba, na barabarani upesi ndio uhai. Ila tangu siku ile Themanini hakusoma tena namba. Hakuwa na sababu, na baada ya muda hakuwa na uwezo.

Baadaye likaja na lile la jicho la kulia, aina ya ukungu mwepesi ambao hakuutaja kwa mtu. Alidhani ni kioo. Ndiyo maana ya kile kitambaa begani. Mkewe akamwambia aende akapimwe, akamwambia tena, na siku moja alikwenda kweli, akafika mpaka kwenye foleni ya hospitali, akatazama watu waliofungwa bandeji machoni, akageuza. Nyumbani alisema daktari amemkuta na macho ya mwewe.

Halafu kulikuwa na siku ile Redio alipopiga ukelele bure. Basi lilikuwa linashuka kuelekea kivuko cha watembea kwa miguu, mama mmoja mwenye ndoo kichwani akivuka, na Redio akapiga yowe hadi masikio yakaziba. Themanini akakanyaga breki. Mama akaruka kando, ndoo ikaanguka, maji yakamwagika, basi. Themanini aligeuka akamwambia Redio kwamba akitaka kuwa utingo aombe kazi ofisini.

"Nilimwona," alisema. "Tangu kule juu nilimwona."

Hakuna aliyembishia. Wiki hiyohiyo basi likapelekwa kwa shemeji, eti taa za breki zina hitilafu. Liliporudi, Themanini aligundua jambo. Zamani basi likiwa limesimama, mshale ulikuwa ukilala chini kabisa, karibu uguse nguzo ya usukani. Sasa ulipumzika juu zaidi, upande wa kushoto. Akauliza. Shemeji alikuwa amejiinamisha kwenye dashibodi ya mtu mwingine, na hakuinua kichwa.

"Springi mpya hiyo, shemeji. Bado ngumu. Ukiwa mwendoni utaona mambo ni yaleyale."

Na mwendoni kweli mshale ulipanda na kusimama wima kama kawaida yake. Mtu unayekula naye sahani moja kila Jumapili huwezi kumdai ushahidi. Themanini akaridhika.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kwake, na hilo ndilo linaloniuma ninaposimulia. Msimamizi wa usafiri alitangaza kwamba basi litakuwa linaondoka mapema zaidi kwa sababu ya foleni. Watu wale ambao hugombania hata dirisha walikubali kukatisha usingizi wao bila hata mmoja kuguna, na Themanini akaona kumbe watu hukua. Msimamizi akamsifu kwamba basi lake linanusa dizeli tu, halinywi. Themanini akapokea sifa. Malori yakampita, teksi zikampita, siku moja akapitwa na pikipiki iliyobeba kabati la milango miwili, na yeye akatikisa kichwa.

"Dunia imepandwa na wazimu," alisema. "Mtu na kabati lake!"

Redio akawa na mchezo mpya. Mshale ukishasimama wima tu, angeshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili na kulia, "Baba, punguza! Baba, utatupaisha! Nina watoto mimi!" Basi zima likavunjika mbavu. Watu walipiga viti kwa viganja, wengine wakajifuta machozi.

"Themanini hiyo, binti," angejibu, akitabasamu kwenye kioo cha juu. "Haizidi, haipungui."

"Mwenzenu roho iko mkononi!"

Akifika nyumbani alimsimulia mkewe. Alikuwa akiigiza sauti ya Redio na kucheka peke yake, na mkewe kila mara alinyanyuka kufuata maji wakati jagi limejaa.

Kisha watu wa barabara wakaja kusimika ubao wao. Waliuweka kwenye sehemu nyoofu ya barabara kuu, kabla ya daraja, ubao mweusi wenye namba za taa kubwa kama madirisha. Ukikaribia, unakusomea mwendo wako mbele ya kadamnasi. Madereva wengine waliulaani. Themanini aliufurahia kama mwanafunzi bora anayesubiri matokeo yabandikwe ukutani. Jioni moja aliwatangazia abiria kwamba ubao unawashwa kesho.

"Kesho mtakaa kimya mtazame," alisema. "Miaka yote mmekuwa mkinisikia mimi. Kesho mtaisikia serikali."

Ajabu ni kwamba siku hiyo hakuna aliyetania.

Asubuhi aliingia kwenye nyoofu akiwa amenyoosha mgongo. Aliuweka mshale wima, akauhakikisha, akatuliza mguu. Ubao ukawaka. Hamsini na saba.

Themanini akacheka. "Mmeona mambo! Serikali imenunua ubao usiojua kuhesabu."

Alisubiri kicheko. Kwenye kioo cha juu aliona basi zima la watu, na wote walikuwa na shughuli. Mmoja alikuwa anafunga kamba za viatu, mwingine anakuna ukucha, na Redio, mtu ambaye hata kwenye msiba alikuwa hazimiki, amezamisha mkono wote mkobani kutafuta kitu ambacho hakionekani. Macho hayana pazia, wanasema, lakini asubuhi ile kila mtu alikuwa ameshusha la kwake.

Gari dogo jeupe likampita. Ubao ukalisomea themanini na moja, halafu ulipomrudia yeye ukasema hamsini na nane. Themanini hakucheka tena. Alijua, kwa kufundishwa na shemeji, kwamba saa za mwendo zote ni waongo wenye adabu: husema zaidi kidogo kuliko ukweli, hazisemi pungufu, ili dereva asiponzwe. Ukiona themanini, huenda ni sabini na sita. Huo ni uongo wa adabu. Huu wa leo ulikuwa wa aina nyingine.

Alipowashusha abiria kiwandani alikwenda moja kwa moja gereji. Hakuwa na hasira. Alikuwa na masikitiko ya mtu ambaye chombo chake kimeugua, na alimkuta shemeji kati ya rafu zake za saa kuukuu.

"Shemeji, springi yako imekufa," alisema. "Saa imeharibika."

Shemeji akachukua tambara akaanza kufuta mikono. "Haijaharibika."

"Ubao wa barabarani umenisomea hamsini na nane."

"Basi ubao ni mzima."

"Na saa?"

"Saa nayo ni nzima."

"Wewe, acha utani. Haviwezi kuwa vizima vyote viwili."

Shemeji aliendelea kufuta mikono, ingawa ilikuwa imetakata zamani. Kisha akatoka nje, akapanda kwenye basi, akakaa kwenye ngazi ya mlangoni. Themanini akakaa kwenye kiti chake.

"Pale juu kabisa," shemeji alisema, "mshale unaposimama wima. Pameandikwa ngapi?"

"Themanini."

"Soma."

"Nimekwambia themanini, shemeji. Si wewe mwenyewe uliyeiweka?"

"Soma, shemeji yangu. Nakuomba."

Themanini aliinama. Akarudi nyuma. Akafumba jicho la kulia, akafumba la kushoto, akachukua kitambaa begani akafuta kioo cha saa. Pale juu palikuwa na kitu cheupe. Kilikuwa kidogo, na kilikuwa na tumbo chini, na pembeni yake kulikuwa na mviringo mwingine. Ingeweza kuwa themanini. Kwa mtu anayetaka iwe themanini, ingeweza kabisa.

"Ni sitini," shemeji alisema polepole. "Niliirudisha ilivyotoka kiwandani. Mshale ni uleule na namba ni zilezile, sikuzigusa. Kila siku saa imekuwa ikikwambia ukweli mbele ya pua yako. Ungeisoma mara moja tu, ungenijia hapa siku ileile."

"Na springi?"

Shemeji alitazama viatu vyake. "Hakuna springi. Hapo nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Muulize dada yangu."

Jibu hilo lilimpiga kuliko lile la kwanza. Fundi akikuharibia kitu, ni fundi. Lakini sasa mambo yalikuwa yameingia ndani, yamevua viatu, yamekaa kitandani.

Mkewe alikuwa anapiga pasi, na alichokuwa anapiga ni shati la kazi la Themanini, lile lenye nembo ya kiwanda mfukoni. Alipomwona amerudi saa ambazo si zake, aliisimamisha pasi kwa kisigino chake bila kuuliza kitu. Themanini akajua kwamba ni kweli.

"Mama watoto," alisema, "mimi nakwenda mwendo gani?"

"Kaa kwanza, mume wangu."

"Nimekaa siku zote. Nakwenda mwendo gani?"

Mkewe akakaa yeye. Alisema mambo kwa mpangilio, kama mtu aliyeyapanga muda mrefu. Siku ile ya mama mwenye ndoo, abiria walikuja nyumbani. Walikaa pale, kwenye makochi yao, wakakataa hata chai. Walisema Themanini hakumwona yule mama. Breki ilifuata yowe la Redio. Walikuwa wameshakubaliana waende ofisini.

"Nilimwona," Themanini alisema.

"Baba watoto."

"Nilimwona!"

"Wangekutoa kwenye usukani siku ileile, wewe umebakiza kidogo tu utoke kwa heshima. Mimi niliwapigia magoti. Mimi, si wao. Niliwaambia, msimtoe, mpunguzieni mwendo. Mwendo ukiwa mdogo, hata akichelewa kuona, atawahi kusimama. Kaka akasema hilo linawezekana, ni skrubu mbili tu."

"Wangapi wanajua?"

"Tulikuwa tunataka kukulinda."

"Nimeuliza wangapi."

Mkewe alitazama pasi. "Wote," alisema.

Themanini aliegemea ukuta. Hakuwaza mwendo. Aliwaza ile sauti: baba, punguza, utatupaisha. Aliwaza viganja vikipiga viti, na watu wakifuta machozi ya kicheko, na yeye mbele yao akiwatabasamia kwenye kioo. Haizidi, haipungui. Kila asubuhi alipanda jukwaani bila kujua kuna jukwaa. Wamemvika kilemba cha ukoka, wakamfunga vizuri, na mkewe ndiye aliyeshika kioo. Aliona aibu hadi ngozi ya kichwa ikamwasha, na chini ya aibu kulikuwa na uchungu mtupu.

"Mmenichezea shere," alisema.

"Nilikwambia mara ngapi ukapime macho? Ukasema umekwenda. Macho ya mwewe, ukasema. Wewe hukunidanganya?"

"Nilikudanganya." Hilo alilikubali palepale. "Mimi nilidanganya mtu mmoja, tena kwa woga. Uongo wenu mmeupakia basi zima, mkaufanya na mchezo."

"Hakuna aliyekucheka kwa ubaya, mume wangu. Wanakupenda."

"Afadhali wangenichukia, wangenipeleka ofisini." Akalitazama shati lake kwenye meza ya pasi. "Ningekuwa na mtu wa kumkasirikia."

Alitoka bila kulichukua. Shemeji alipoliona basi linarudi gereji mchana uleule, aliinuka kabla halijasimama.

"Irudishe," Themanini alisema.

"Shemeji, kwa hilo nisamehe. Siwezi."

"Irudishe, au nipe bisibisi nizungushe mwenyewe mpaka nipate ninayodhani ni themanini. Chagua."

Shemeji alitazama ule uso, akaleta bisibisi. Alilegeza skrubu mbili. Mikono yake ilifanya kazi vizuri. Themanini aliondoka gereji bila kuaga, na katika ndoa yake yote hilo lilikuwa halijatokea.

Jioni jua likiwa bado na nguvu, wafanyakazi walianza kupanda. Redio alipopita mbele alitupia jicho dashibodi, akaona mshale umelala chini kabisa, karibu na nguzo ya usukani. Alisimama kidogo. Nyuma yake watu wakamsukuma, naye akaenda kukaa. Minong'ono ikapita kiti kwa kiti mpaka nyuma, kisha ikazima. Themanini hakutazama kioo cha juu. Alikuwa amekikunja kikatazama dari.

Walipovuka tuta la mwisho alikanyaga mafuta. Mshale ukapanda, ukapanda, ukakataa kufika upesi kama alivyozoea. Vioo vya madirisha vilianza kutetemeka. Chuma fulani chini ya sakafu kikaamka na kuanza kulalamika. Usukani ukawa mwepesi mikononi, na miti ya kandokando, ambayo kwa miezi ilikuwa ikimjia kwa adabu, sasa ilikuwa kama inarushwa na mtu. Alikuwa amesahau themanini. Yeye mwenye jina hilo alikuwa amelisahau, na mwili wake ulitaka kunyanyua mguu. Hakunyanyua. Hasira ilikuwa imeukalia.

Mshale ukasimama wima. Jua la jioni lilikuwa mbele yake, na ule ukungu wa jicho la kulia ukalishika na kulitandaza, kioo kizima kikawa maziwa. Aliyafuta kwa kitambaa. Yalibaki maziwa.

Alisubiri mtu aseme. Hilo alilijua wakati huo, kwamba anasubiri: mtu mmoja tu, yeyote, aseme punguza, baba. Walilisema kila siku lilipokuwa mzaha. Sasa walikuwa na haki nalo, na basi lilikuwa kimya kama maji ya mtungini. Walikuwa wanamwogopa, au wanamwonea haya, na kwa haya hiyo walikuwa tayari kufa naye. Hapo ndipo uchungu wake ulipofika mahali ambapo hauwezi kwenda zaidi.

Mbele kwenye maziwa kulikuwa na doa. Doa likawa kivuli, kivuli kikawa kreti, na kreti zikawa juu ya baiskeli, na juu ya baiskeli kulikuwa na mtu. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Basi lilipiga kelele, likavuta kulia, watu wakatupwa juu ya viti vya mbele, na mwendesha baiskeli akaingia majanini, akasimama huko kwa mguu mmoja, akatoa matusi ambayo Redio mwenyewe hakuwa nayo. Kisha akaikagua mizigo yake, akaendelea na safari.

Basi lilikuwa limesimama kando ya barabara. Hakuna aliyeumia, ukiacha magoti. Hakuna yowe lililotangulia safari hii. Aliona mwenyewe, na alijua mwenyewe ameona wakati gani.

Alizima injini. "Nani humu anaweza kuendesha basi?"

Hakumaliza vizuri hilo swali. Mtu aliyekaa kiti cha nyuma yake, fundi umeme wa kiwanda, mtu mzima asiye na maneno mengi, alikuwa ameshasimama. Aliingiza vidole kwenye mfuko wa shati na kutoa leseni ya basi. Hakuitafuta. Ilikuwa pale, kingo zake zimechakaa kwa kubebwa kila siku kifuani.

Themanini aliitazama ile leseni.

"Umekaa nyuma yangu tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ya ndoo, baba," fundi umeme akasema, akiangalia chini. "Tulisema, ikitokea."

Themanini akaitikia kwa kichwa. Aliinuka, akamwachia ufunguo kwenye swichi, akapita katikati ya viti akishika vyuma, na watu wakavuta miguu kumpisha. Mmoja akasema pole, baba. Redio akasogea, akampa nafasi ya dirishani. Themanini hakuwahi kukaa huku nyuma, na alishangaa kwamba kutoka hapa migongo ya viti inaficha dashibodi yote.

Basi likaingia tena barabarani. Fundi umeme alibadilisha gia vizuri, hilo Themanini alilikubali. Mwendo ukapanda, kisha ukatulia mahali fulani. Alisikiliza sakafu. Alisikiliza vioo. Halafu akamgeukia mwanamke aliyekaa naye.

"Anakwenda ngapi huyo?"

Redio akasimama. Akashika bomba la juu, akasogea mpaka mbele, akajinyoosha kupita bega la dereva, akaitazama saa kwa makini, wala hakuwa na haraka. Kisha akarudi, akakaa, akapanga mkobo mapajani.

"Themanini, baba," alisema.

Themanini alimtazama. Uso wake ulikuwa wa heshima, macho hayakupepesa, na sauti ilikuwa ya upole. Ila hata kila asubuhi, alipomlilia apunguze mwendo, uso wake ulikuwa huohuo. Themanini akageukia dirishani, akaanza kuitazama miti inavyopita, akajaribu kupata ukweli kutoka kwenye miti, na mpaka wanashuka alikuwa hajaupata.